Lugha na Haki katika Kukabili Maradhi ya Kuambukiza: Mfano wa Ebola katika Beni, Butembo na Kanyabayonga

1.0 Utangulizi

Maradhi ya kuambukiza aghalabu hutazamwa kama shughuli ya wataalamu wa tiba peke yao. Daktari hutambua dalili, maabara huthibitisha kisababishi, muuguzi humhudumia mgonjwa. Hata hivyo, pindi maradhi yanapotoka katika nyumba moja na kuwa janga la eneo zima, maswali yanayohitaji majibu huwa ya kiutawala. Nani azuiwe kusafiri? Nani achanjwe kwanza? Maiti azikwe na nani? Shughuli zipi za umma zisimamishwe, na fedha zilizopatikana zitumike wapi? Kila jibu hugawa faida na hasara miongoni mwa watu. Kwa hiyo mintarafu ya majanga ya afya, swali la haki ya kijamii haliwezi kuepukika.

Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kutumia mlipuko wa Ebola uliotokea katika majimbo ya Kivu Kaskazini na Ituri, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kati ya mwaka 2018 na 2020. Mkazo umewekwa kwenye ukanda wa Beni, Butembo na Kanyabayonga. Mengi yamekwisha kuandikwa kuhusu upinzani wa wakazi wa huko dhidi ya watumishi wa afya, na sehemu kubwa ya maandishi hayo hulaumu ujinga, uvumi na mila. Hoja inayotolewa hapa ni tofauti. Inadaiwa kwamba lugha iliyotumiwa kuongoza mapambano ilikuwa yenyewe chombo cha utawala. Kwamba istilahi zake zilimweka mwananchi mahali pa mtuhumiwa. Na kwamba mwananchi aliziamini au kuzikataa kwa kuzilinganisha na matendo mengine ya utawala huo huo aliyoyaona kwa macho yake.

2.0 Eneo, Watu na Lugha

Beni na Butembo ni miji ya biashara iliyo kaskazini mwa jimbo la Kivu Kaskazini. Wakazi wake wengi ni Wanande, ambao pia hujiita Wayira, na lugha yao ya nyumbani ni Kinande. Kanyabayonga iko kusini zaidi, mahali wilaya ya Lubero inapopakana na ile ya Rutshuru, juu ya kingo za milima zinazoitazama nyanda za Rwindi na Mbuga ya Virunga. Barabara ya taifa namba 2, inayounganisha Goma na Butembo, hupita hapo. Kwa sababu hiyo mji huo mdogo ni mlango: mazao ya milimani hushuka kupitia hapo, na bidhaa za Goma hupanda. Ni mahali pia ambapo wasemaji wa Kinande, Kinyarwanda na Kihunde hukutana, na lugha inayowaunganisha sokoni, kanisani na kwenye gari ni Kiswahili.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inakitambua Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba kuwa lugha za taifa. Ibara ya 142 ya katiba hiyo inaitaka serikali isambaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa lugha zote nne za taifa katika muda wa siku sitini tangu kutiwa saini. Kwa vitendo, mgawanyo wa kazi za lugha katika ukanda huu umekuwa huu: Kifaransa ni lugha ya ofisi, ripoti na hospitali, Kilingala ni lugha iliyozoeleka ya askari, Kiswahili ni lugha ya watu wote, na Kinande ni lugha ya nyumbani na ya msiba.

Aidha, Kiswahili chenyewe si kimoja. Kile kinachosemwa Butembo au Kanyabayonga kina sauti, viambishi na msamiati wake. Mgonjwa huenda «lopitali» akamwone «munganga», ilhali bango la afya humwambia aende «hospitali» akamwone «daktari». Tofauti hizi mtaalamu huziona ndogo. Kwa mama asiyesoma sana, bango lililoandikwa kwa Kiswahili sanifu huwa ni sauti ya watu wa mbali, hata kama kila neno lake ni la Kibantu au la Kiarabu kilichozoeleka.

Jambo la mwisho linalohusu eneo hili ni historia. Chini ya utawala wa Wabelgiji, kampeni dhidi ya malale ziliendeshwa kwa amri: watu walipangwa mistari wakapimwa shingo, wagonjwa wakatengwa, na wasafiri wakalazimika kubeba pasi za kiafya. Katika bonde la Semliki na nyanda za Ziwa Edward, watu walihamishwa kwa hoja ya malale, na sehemu ya ardhi hizo ikaingizwa katika Mbuga ya Albert, iliyoanzishwa mwaka 1925 na kupewa jina la Virunga mwaka 1969. Wenyeji wa milima ya Lubero hawakuhitaji vitabu ili wajue kwamba hoja ya ugonjwa yaweza kumwondolea mtu shamba lake.

3.0 Mkondo wa Janga

Tarehe 1 Agosti 2018 Wizara ya Afya ilitangaza kwamba Ebola imethibitishwa huko Mangina, wilayani Beni. Huo ulikuwa mlipuko wa kumi nchini tangu ugonjwa huo ulipotambuliwa Yambuku mwaka 1976, na ulitangazwa wiki moja tu baada ya ule wa tisa, wa jimbo la Équateur, kumalizika. Wiki iliyofuata, tarehe 8 Agosti, chanjo ya majaribio iliyoitwa rVSV-ZEBOV ilianza kutolewa kwa mfumo wa mduara: huchanjwa waliogusana na mgonjwa, kisha waliogusana na hao.

Kwa upande wa vifaa, basi, mapambano haya yalianza na nguvu ambazo hazikuwahi kupatikana katika milipuko ya awali. Hata hivyo ugonjwa uliendelea. Ulipita Beni ukaingia Butembo na Katwa, ukagusa Lubero na zoni ya afya ya Kayna iliyo katika ukanda wa Kanyabayonga, ukaingia Ituri. Mwezi Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo, vilivyoendeshwa na Médecins Sans Frontières, vilishambuliwa katika muda wa siku tatu. Tarehe 19 Aprili 2019 Dk. Richard Mouzoko, mtaalamu wa Kikameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa katika hospitali ya chuo kikuu mjini Butembo. Tarehe 14 Julai ilithibitishwa kwamba mhubiri mmoja aliyesafiri kwa basi kutoka Butembo alikuwa amefika Goma na ugonjwa, na siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya afya ya umma inayohusu mataifa yote.

Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Waliougua walihesabiwa 3,470, na katika hao walikufa 2,287. Waliochanjwa walizidi 300,000. Ulikuwa mlipuko wa pili kwa ukubwa duniani, baada ya ule wa Afrika Magharibi wa 2014 hadi 2016.

Swali linalozuka ni hili: kwa nini ugonjwa uliokuwa na chanjo ulidumu karibu miaka miwili? Vita ni sehemu ya jibu, kwa kuwa makundi ya wenye silaha yalifunga njia mara kwa mara. Sehemu nyingine inaonekana katika uchunguzi uliofanywa Beni na Butembo mwezi Septemba 2018 miongoni mwa watu wazima 961, na kuchapishwa mwaka uliofuata. Chini ya theluthi moja ya walioulizwa walisema kwamba viongozi wa mahali wanatetea maslahi yao, na takriban robo hawakuamini kwamba Ebola ipo. Uchunguzi huo ulionyesha pia kwamba mtu asiye na imani na wenye mamlaka alikuwa na uwezekano mdogo wa kuikubali chanjo. Kwa maneno mengine, kutoiamini Ebola kulikuwa kwa kiasi kikubwa tawi la kutowaamini walioitangaza.

4.0 Istilahi na Mamlaka

4.1 «Riposte»

Kila mlipuko huzaa msamiati wake. Huko Beni na Butembo neno la kwanza lilikuwa jina la mapambano yenyewe: «Riposte». Kwa Kifaransa neno hilo lina maana ya pigo la kujibu, kama la mcheza panga au la askari. Katika midomo ya wananchi likawa nomino ya watu na magari: «watu wa riposte», «gari za riposte». Pale gari hizo zilipofuatana na askari wenye bunduki, neno na tendo vilipatana, na msikilizaji akawa na haki ya kuuliza ni nani anayepigwa.

4.2 «Mshukiwa»

Mgonjwa mwenye homa ambaye bado hajapimwa huitwa na wataalamu, kwa Kifaransa, «cas suspect». Tafsiri ya moja kwa moja ni «mshukiwa». Lakini katika Kiswahili, mshukiwa ni mtu wa polisi na mahakama. Mtu hushukiwa wizi, hashukiwi homa. Neno hilo lilimwingiza mgonjwa katika uwanja wa hatia kabla ya matokeo ya maabara. Vivyo hivyo kitenzi «kutenga». Katika jamii za ukanda huu kutengwa ni adhabu anayopewa mchawi au mvunja miiko. Kumwambia mzee kwamba binti yake «atatengwa» ni kumpa habari nzito kuliko ile ya ugonjwa. Lau ingesemwa «atalazwa katika chumba chake peke yake, nanyi mtamwona kupitia kioo», maana ya kitabibu ingebaki ile ile na fedheha ingeondoka. Ni vyema kukumbuka kwamba vyumba vya kuta za plastiki angavu, vilivyomwezesha mgonjwa kuonana na jamaa zake, vilitumiwa kweli katika mlipuko huu. Chombo kilikuwa kimekwisha kumheshimu mgonjwa, ilhali neno lilikuwa bado.

4.3 «Kufuatiliwa» na «kontakti»

Waliogusana na mgonjwa waliitwa «kontakti» na walitembelewa kila siku kwa muda wa siku 21. Kazi hiyo iliitwa «kufuatilia». Mzizi wake ni «fuata», na katika kauli ya kutendwa mtu «anayefuatwa» ni mtu anayewindwa. Katika mji ambao raia wameuawa usiku kwa miaka kadhaa, mtu asiyejulikana anayeuliza jina lako, nyumba yako na uliolala nao ni tishio. Haishangazi kwamba baadhi ya watu walitoa majina yasiyo yao.

4.4 «Wametuzikia»

Maiti ya Ebola ina virusi vingi, na kwa hiyo maziko yalikabidhiwa vikosi maalumu. Mpango huo ulipewa jina jema, «mazishi ya heshima na salama». Lakini sarufi ya mazungumzo ya msibani ilieleza jambo jingine. Kiswahili kina kauli ya kutendea, ambayo pamoja na kuonyesha kufanya kwa manufaa ya mtu, huweza kuonyesha kufanya kwa hasara yake. «Tumemzika baba» ni kauli ya wenye msiba. «Wametuzikia baba» ni kauli ya walionyang'anywa msiba wao. Kiambishi kimoja kinatosha kuonyesha ni nani aliyekuwa mtendaji na ni nani aliyebaki mtazamaji. Vikosi vya maziko vilipokelewa vizuri zaidi mahali ambapo jamaa walishirikishwa: wakaruhusiwa kuuona uso wa marehemu kwa mbali, kuchagua kaburi, kusali, na vijana wa kijiji kile kile wakafunzwa kuvaa mavazi ya kujikinga na kubeba jeneza.

4.5 «Chanjo» na «washindi»

Si istilahi zote zilizoleta madhara. «Chanjo» ni neno la kale. Linatokana na kitenzi «chanja», yaani kutia chale ndogo mwilini, na lilikwisha kuzoeleka kwa ajili ya ndui na surua. Mwenye lugha hakuhitaji kufundishwa wazo hilo upya. Alihitaji kuelezwa kwa nini jirani achanjwe naye aachwe, jambo ambalo mfumo wa mduara uliliibua na ambalo lilizaa manung'uniko mengi. Waliopona waliitwa kwa Kifaransa «vainqueurs», yaani washindi. Neno hilo liliwapa heshima, nao wakafanya kazi kubwa ya kuwalea watoto wa wagonjwa na kuwaliwaza waliolazwa, kwa kuwa miili yao ilikwisha kupata kinga. Hata hivyo, kila mshindi ana mshindwa wake, na katika familia iliyozika watu wanne neno hilo lilitumiwa kwa uangalifu.

Mwaka 2019 shirika la Translators without Borders lilichunguza uelewa wa ujumbe wa Ebola huko Goma na Beni, likakuta kwamba Kifaransa na Kiswahili sanifu vilivyotawala mabango viliwaacha nyuma wengi, hasa wanawake na wazee, na kwamba watu walitaka maelezo marefu zaidi kwa lugha wanayoisema. Matokeo hayo yana uzito kwa mwanaisimu. Mamlaka yalidhani kwamba mwananchi anahitaji amri fupi: nawa mikono, piga simu, usiguse maiti. Mwananchi alitaka sababu: chanjo hii ina nini ndani yake, kwa nini ni ya majaribio, kwa nini aliyechanjwa bado aliugua. Kumpa mtu amri na kumnyima sababu ni kumchukulia kama mtoto.

5.0 Neno Hupimwa kwa Tendo

Uchambuzi wa istilahi peke yake haukidhi. Mwananchi husikia neno la mtawala akalilinganisha na matendo yake. Katika kipindi hicho matendo manne yalitoa tafsiri ya maneno yote.

Kwanza ni suala la kipaumbele. Tangu Oktoba 2014 raia wa Beni walikuwa wakiuawa kwa mapanga na risasi, na vilio vyao havikuleta msafara wa magari. Ebola ilipoingia, magari yalikuja kwa mamia. Wakati huo huo surua ilikuwa ikienea nchi nzima: kufikia Januari 2020 ilikuwa imeua watu zaidi ya 6,000, wengi wao watoto wadogo, idadi inayozidi mara mbili vifo vya Ebola. Swali la wakazi, «kwa nini ugonjwa huu tu?», halikuwa la mjinga. Lilikuwa swali kuhusu vigezo vya kugawa rasilimali, na jibu lake la kweli lilikuwa kwamba Ebola, tofauti na surua ya Lubero, iliyatisha mataifa ya mbali.

Pili ni kura. Tarehe 26 Desemba 2018, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu wa tarehe 30, Tume ya Uchaguzi iliahirisha upigaji kura wa Beni, Butembo na Yumbi hadi Machi 2019, ikitaja kuhusu Beni na Butembo sababu za Ebola na usalama. Rais aliapishwa tarehe 24 Januari 2019. Kwa hiyo wapiga kura zaidi ya milioni moja walikosa neno katika kumchagua. Makanisa na masoko yalikuwa wazi. Vituo vya kura ndivyo vilivyofungwa. Siku iliyofuata tangazo, waandamanaji mjini Beni walivamia kituo cha kupokelea wagonjwa, na tarehe 30 wananchi walijipanga wakapiga kura yao ya mfano, wakinawa mikono kabla ya kuingia. Tendo hilo la kunawa lastahili kuzingatiwa: watu hawa waliukubali ugonjwa na kanuni zake, wakakataa utumiwe kuwanyima haki.

Tatu ni fedha na ajira. Magari yaliyokodiwa kwa bei kubwa, posho za walinzi na nafasi za kazi walizopewa wageni wasiojua Kinande ziliwafanya watu waseme juu ya «biashara ya Ebola». Mwezi Machi 2020 mahakama mjini Kinshasa ilimhukumu aliyekuwa waziri wa afya, Oly Ilunga, miaka mitano ya kazi za sulubu kwa kufuja zaidi ya dola 400,000 za mapambano hayo, mashtaka ambayo yeye aliyakanusha.

Nne, na zito kuliko yote, ni unyanyasaji wa wanawake. Mwezi Septemba 2020 waandishi wa habari walichapisha ushuhuda wa wanawake zaidi ya hamsini wa Beni waliosema kwamba watumishi wa mapambano waliwataka kimwili ili wapewe kazi. Tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti yake tarehe 28 Septemba 2021, ikataja watuhumiwa 83, kati yao 21 wakiwa waajiriwa wa shirika hilo. Mwanamke aliyetakiwa kuamini kwamba «wageni wamekuja kuokoa maisha» alikuwa na ushahidi wake mwenyewe.

6.0 Mazao ya Utafiti ni ya Nani?

Haki katika janga haikomi siku ugonjwa unapotangazwa kwisha. Kuanzia Novemba 2018, katika vituo vya ukanda huu, wagonjwa walishiriki jaribio lililolinganisha dawa nne. Matokeo ya Agosti 2019 yalionyesha kwamba mbili kati yake ziliokoa maisha zaidi ya zile nyingine. Mojawapo, mAb114, chanzo chake ni damu ya mtu aliyepona Ebola huko Kikwit mwaka 1995, na utafiti wake ulimhusisha Profesa Jean-Jacques Muyembe wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba mjini Kinshasa. Dawa zote mbili zilipata kibali nchini Marekani mwaka 2020.

Huu ni ushindi wa sayansi na wa wagonjwa wa Kivu waliokubali kujaribiwa. Lakini kibali kutolewa ng'ambo na dawa kufika Kayna ni mambo mawili. Anayestahili kupata akiba ya kwanza ya dawa hiyo ni nani, kama si nchi iliyotoa damu, wagonjwa na watafiti? Swali hilo linaihusu lugha pia. Hati ya ridhaa ya kushiriki utafiti ni maandishi ya kisheria, na ridhaa ya mtu asiyeielewa lugha ya hati ni sahihi tupu.

7.0 Kanuni na Mafunzo

Si kweli kwamba sheria ziko kimya. Ibara ya 47 ya katiba ya Kongo inaihakikisha haki ya afya. Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, zilizoanza kutumika mwaka 2007, zinataka katika Ibara ya 3 utekelezaji wake uheshimu kikamilifu utu, haki za binadamu na uhuru wa msingi wa watu. Marekebisho yaliyopitishwa Juni 2024 yaliongeza usawa na mshikamano kuwa misingi ya kanuni hizo, na tarehe 20 Mei 2025 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha Mkataba wa Majanga ya Ulimwengu. Kasoro iko katika umbali kati ya maandishi hayo na kizuizi cha barabarani, ambako mwenye kipima joto na mwenye mzigo wa viazi huonana uso kwa uso.

Mlipuko wenyewe ulitoa mafunzo. Tangu Julai 2019 Profesa Muyembe alipopewa uongozi wa mapambano, mkazo ulizidi kuwekwa kwa wenyeji: viongozi wa mitaa, makanisa, vyama vya vijana na wauguzi wa vijijini. Ugonjwa uliporudi katika eneo la Butembo mwezi Februari 2021 uliwapata watu 12, wakafa 6, na ulitangazwa kwisha tarehe 3 Mei. Uliporudi Beni mwezi Oktoba mwaka huo uliwapata watu 11 na kwisha kabla ya Krismasi. Sababu ni nyingi, zikiwemo chanjo na maabara za karibu, lakini wauguzi waliojulikana kwa majina na waliojua kuaga kwa Kinande wana sehemu yao katika hesabu hiyo.

Kanyabayonga inaonyesha jinsi mafunzo hayo yalivyo dhaifu penye vita. Tarehe 28 Juni 2024 mji huo ulitekwa na kundi la M23, na wakazi wengi wakakimbilia kaskazini kuelekea Lubero na Butembo. Wiki chache baadaye, tarehe 14 Agosti 2024, ilitangazwa dharura ya mataifa kuhusu mpox. Ugonjwa huo ulitambuliwa kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1970 huko Basankusu, nchini Kongo. Ulikaa zaidi ya nusu karne bila chanjo kuwafikia wenye nao, hadi ulipoenea Ulaya na Marekani mwaka 2022. Chanjo za kwanza zilifika Kinshasa mwezi Septemba 2024. Jina lake la zamani, lililotokana na nyani, liliachwa mwaka 2022 kwa kuwa lilidhalilisha. Hatua kama hiyo ilichukuliwa mwaka 1976, ugonjwa mpya ulipopewa jina la mto Ebola ili kijiji cha Yambuku kisibebe aibu. Kubadili jina ni jambo jema. Hata hivyo mkimbizi aliyelala darasani na watu arobaini, akaambiwa asigusane na mtu, anahitaji nafasi na maji kuliko jina.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba katika Beni, Butembo na ukanda wa Kanyabayonga lugha ya kupambana na Ebola ilibeba mahusiano ya mamlaka, na kwamba wananchi waliyatambua mahusiano hayo kwa usahihi kuliko walivyodhaniwa. Kutokana na hayo, mapendekezo matatu yanaweza kutolewa kwa idara za Kiswahili za vyuo vikuu vya eneo hili.

Kwanza, istilahi za majanga ziandaliwe kabla ya majanga, kwa Kiswahili cha mahali na kwa lugha za nyumbani, na zijaribiwe sokoni kabla ya kuchapishwa. «Mgonjwa anayesubiri vipimo», kwa mfano, lichukue nafasi ya «mshukiwa». Pili, wanafunzi wa isimu wafunzwe ukalimani wa hospitali na wa msibani, kazi ambayo mwaka 2018 iliachiwa madereva na vijana wa kujitolea. Tatu, wananchi waulizwe kwa lugha yao, na majibu yao yaandikwe katika ripoti kama yalivyosemwa, kwa kuwa taarifa za mapambano zilizotumwa Kinshasa na Geneva zilijaa hesabu za wagonjwa na zikawa na nafasi finyu kwa maneno yao. Pendekezo la tatu ndilo gumu, kwa sababu atakayeulizwa anaweza kujibu kwamba anataka kwanza usalama, kura yake na chanjo ya surua ya mtoto wake. Mamlaka yanayouliza yajiandae kulisikia jibu hilo.